Mahindi Mabichi ya Januari

Alhamisi, 7 Aprili 2011

Mahindi yalikuwa yamesimama shambani, mabichi kabisa, na mwanamke anakimbia katikati yake na mtoto mgongoni. Chini ya picha wameandika: Eldoret, Januari 2008. Aki ya Mungu, nimetazama mambo mengi kwa televisheni lakini leo nilishikwa na hasira mpaka nikamwaga soda. Nani huku kwetu hajui kwamba Januari mahindi yako stoo? Shamba linakuwa vumbi na mabua, hata kuku hapati pa kujificha. Hao watu walikuja kupiga picha Agosti, wakaona kijani, wakapenda.

Nianze vizuri. Kipindi kinaitwa Upande Huu wa Mto na kitakuwa kila Alhamisi saa mbili mpaka mwisho wa Juni. Ni cha amani. Kuna shirika limekitengeneza, na kijana wao, Isaiah Lusweti, ameomba ukumbi wa kanisa hapa Kapseret, akaleta projekta, mandazi na soda, ili sisi majirani wa makabila yote tutazame pamoja na kutoa maoni. Maoni ndiyo anayotaka zaidi, hata mandazi huwezi kumeza vizuri kabla hajakuuliza umejisikiaje.

Mwaka jana walikuja kuchukua hadithi zetu. Yangu niliwapa yote, nikilia mbele ya kamera: jinsi Mama Kipkemboi, jirani yangu Mnandi, alivyonificha siku tatu ndani ya stoo yake, mimi Emmaculate Amondi, Mjaluo, na Byron wangu ambaye alikuwa hata hajaanza kutembea, wakati nyumba za wenzangu zinaungua baada ya uchaguzi wa 2007. Wakaniambia hadithi yangu ndiyo itakayobeba kipindi kizima. Yeye pia walimhoji, peke yake, nyumbani kwake.

Sasa wameanza na mahindi. Haya, tutaona.

Jumapili, 10 Aprili

Mvua imeanza kweli. Mama Kipkemboi amemaliza kupanda. Mume wangu Lazarus amepanda nusu ya kashamba ketu halafu akakumbuka kuna mpira.

Alhamisi, 14 Aprili

Mama Kipkemboi hayumo. Hayumo kabisa.

Yule mwanamke wa kipindi, ambaye najua ni mimi kwa sababu hata leso yangu ya njano wamemvalisha, ametoka kwa yale mahindi ya uongo akaangukia mikononi mwa kijana mmoja mrefu, ngozi laini, meno yote yamepangika. Anaitwa Collins. Collins ndiye amemficha. Collins ndiye amesimama mlangoni akawaambia vijana wenzake, "Hapa hakuna mtu, twendeni." Halafu muziki, na Collins anamwangalia mwanamke kwa macho fulani ambayo mtu aliyejificha na mtoto anayekohoa hana haja nayo.

Nilimgeukia Mama Kipkemboi aliyekaa kando yangu. Nilidhani nitamkuta amekasirika kama mimi. Alikuwa anakula mandazi. Nikamwambia sikioni kwamba wamemwibia kazi yake wakampa mvulana. Akanigeuzia lile shavu lake la kulia, maana siku hizi kila ukimwongelesha anakupa upande mmoja tu wa uso kama anasikiliza nusu, akasema ni maigizo tu, Mama Byron, kula.

Sikula. Isaiah aliponiuliza maoni nikamwambia kuhusu mahindi. Watu walicheka sana, akaandika.

Jumanne, 19 Aprili

Kazini maziwa yamepungua kwa sababu barabara ni matope. Mimi ndiye karani wa hapa kwenye kituo cha maziwa, kila mkulima napima na kuandika. Kipkemboi mwenyewe, kijana wa Mama, alileta mikebe yao kwa pikipiki. Aliiweka chini, akageuza uso kuangalia tanki, akangoja risiti, akaenda. Hivyo ndivyo anavyofanya kila asubuhi tangu nirudi kutoka kambini. Salamu yake ni kukohoa. Mama yake alinificha chini ya gunia lake, lakini mwana hawezi kunisalimia. Nikimtazama naona vile walivyokuwa wote mwaka ule, na sina haja ya kujidanganya.

Ati Agosti ndiyo koito yake, wazee wa kwao wataenda kuongea uchumba kwa kina Jerono, mwalimu wa nasari huko Kesses. Mama Kipkemboi haongei kitu kingine. Ameshapaka rangi mpaka choo. Nami namwombea, kwa ajili yake, si kwa ajili ya huyo mkohozi.

Alhamisi, 28 Aprili

Sehemu ya nne. Collins amempikia mwanamke ugali. Nilinyoosha mkono nitoe ukweli mbele ya ukumbi wote: nilisema, "Mimi najua huyo Collins ni nani hasa." Kabla sijamaliza Mama Kipkemboi alinifinya paja, na sio kwa mchezo, nimeona alama nikioga. Nikageuza maneno, nikasema Collins anafanana na binamu ya mtu fulani.

Njiani, kwa matope, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Byron, usitaje jina langu kwa mambo hayo. Hata siku moja."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mvua inakuja, tuharakishe. Mvua ilikuwa tayari inatunyeshea.

Jumatatu, 2 Mei

Kuna vitu vinatafuta kunimaliza. Leo stesheni ile ile ya kipindi cha Alhamisi imeanza kurudia Casilda.

Casilda ni sopu ya Kimexico, ya saa moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kabla ya ule uchaguzi, sote wanawake wa huku tulikuwa nayo. Tulikuwa tunaitazama kwa Mama Kipkemboi kwa sababu yeye ndiye alikuwa na televisheni kubwa, tukimtukana mama mkwe wa Casilda kwa lugha tatu. Casilda mwenyewe kazi yake ilikuwa kulia. Alilia akiachwa, akalia akirudiwa, akalia farasi alipougua. Nilimpenda hivyo hivyo.

Niliiachia katikati na sijawahi kujua iliishaje. Ukinitajia najiondokea. Lazarus anadhani nimeikinai, yeye wakati ule alikuwa ameenda Siaya kupiga kura. Sijawahi kuandika hii mahali popote, acha niandike, labda nitalala.

Tuliingia stoo Jumatatu ya mwisho wa mwaka. Stoo yake imepakana na sebule, katikati ni ukuta wa mbao tu. Nilikaa nyuma ya magunia na Byron anakohoa, kikohozi kile cha vumbi. Mama Kipkemboi akaniambia atafungulia televisheni kwa sauti ya juu kabisa, kwa sababu majirani wote wanajua anapenda Casilda, na wakisikia nyumba imenyamaza ndipo watashangaa. Serikali ilikuwa imekataza habari za moja kwa moja, nchi inaungua hatuonyeshwi, lakini Casilda aliendelea kama kawaida. Hilo nalo lilinikasirisha na litanikasirisha mpaka kufa.

Kwa hiyo sehemu tatu za Casilda nilizisikia bila kuziona. Jumatatu mama mkwe alikuwa anapigia watu kelele juu ya wosia. Jumanne mbwa walibweka na bunduki ikalia, nikamziba Byron mdomo mpaka nikaogopa nimemuua, kumbe ni bunduki ya Mexico. Jumatano kulikuwa na muziki, halafu kitu kikavunjika, halafu kilio. Kilio kirefu, cha mtu aliyezibwa kinywa. Kilikaa kwa muda. Kisha kikanyamaza, muziki ukabaki. Mama Kipkemboi alipoleta uji alikuwa ameshusha kitambaa mpaka kwenye jicho. Akaniambia vijana walifika mlangoni akawarudisha, kisha akasema, "Casilda amelia leo mpaka nimechoka naye." Nikacheka. Ndiyo, kwa stoo nilicheka. Asubuhi polisi wakaja na lori wakatupeleka kwenye uwanja wa maonyesho, tukaanza maisha ya hema.

Na sasa saa moja imefika na sauti inavuka ua kutoka kwake mpaka kwangu. Zamani alikuwa na adabu ya sauti. Tangu tuliporudi hajawahi kuteremsha, anaweka kama ukumbi wa disko. Ameniita nikatazame naye. Nimesema nina nguo za kupiga pasi.

Jumanne, 3 Mei

Sauti bado.

Alhamisi, 12 Mei

Collins ameimba. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 26 Mei

Leo nilimshika Isaiah kando ya projekta na sikumwachia. Nilimuuliza ni nani aliamua kumtoa mwanamke mwenye miaka hamsini na kitu, mwenye magoti mabovu, aliyeweka maisha yake mlangoni, wakaweka mtoto wa juzi mwenye mafuta ya nywele. Akaanza kuniambia watazamaji vijana wanapenda kujiona. Nikamwambia hata mimi napenda kujiona, na nimejiona nikikimbia kwa mahindi ambayo hayapo.

Basi akachoka nami, akasema ambalo labda hakutakiwa kusema. "Mama, sio sisi tuliomtoa. Yeye mwenyewe alikuja ofisini akatusihi tumtoe."

Nilienda nyumbani bila kumngoja Mama Kipkemboi. Nilikuwa nataka kulia na nikakataa. Kwa hiyo ni aibu. Miaka mitatu nimekuwa nikimtaja kwenye maombi kila Jumapili, nimempa mwanangu wa pili jina lake akingali tumboni, yule ambaye mimba yake ilitoka. Na yeye amefunga safari mpaka mjini kwa magoti yale kuwasihi watu wasije wakajua aliokoa Mjaluo. Anaogopa watu wake watamwona msaliti. Afadhali angeniambia machoni.

Jumapili, 29 Mei

Kanisani nilikaa upande wa pili.

Jumatatu, 6 Juni

Mvua ya mawe. Mahindi ya Mama Kipkemboi yamechanika majani, yetu pia. Alisimama kwenye ua akaniita, "Mama Byron, yako yako namna gani?" Nikajibu yako sawa. Zamani tungesimama hapo saa nzima. Niliingia ndani na nikajuta kabla sijafunga mlango, lakini nilikuwa nimeshafunga.

Jumatano, 15 Juni

Lazarus anasema niende tu nitazame hiyo sopu na mwenzangu, yaishe. Nikamwambia atazame mpira wake.

Shida ni kwamba naijua yote. Kila jioni saa moja, nikipika, inanifikia. Mama mkwe ameanza kutafuta wosia. Najua tunakoelekea.

Alhamisi, 30 Juni

Nimefanya jambo.

Leo ilikuwa sehemu ya mwisho ya Upande Huu wa Mto. Jamii mbili zimekutana kando ya mto, wamechinja mbuzi, wamekumbatiana kwa zamu, na Collins amehutubia. Mzee mmoja aliyechomewa nyumba anamwambia aliyeichoma kwamba yamepita. Hivyo tu. Dakika mbili na mbuzi. Ukumbi ukapiga makofi, na mimi damu ikanipanda kichwani, maana ya kwangu hayajapita.

Isaiah akauliza maoni ya mwisho. Nikasimama. Nikasema kipindi chote ni uongo kuanzia mahindi mpaka mbuzi. Nikasema, na kila mtu alinisikia mpaka walio mlangoni, "Aliyeniokoa hakuwa kijana. Ni mama, na ameketi hapa. Vijana walipokuja mlangoni kwake ni yeye alisimama. Lakini anaona aibu kwamba aliokoa Mjaluo, ndio maana akajiondoa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Kipkemboi alifunga kitambaa chake vizuri, akainuka, akapita katikati ya viti polepole kwa sababu ya magoti. Hakunitazama. Pale mlangoni alikuwa amesimama Kipkemboi na koti la mvua, amekuja kumchukua kwa pikipiki. Alikuwa amesikia yote. Nilimtazama nikitegemea kiburi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa jina mahakamani.

Wakaenda kwenye mvua. Nilibaki na mandazi yangu.

Jumamosi, 2 Julai

Benta wa duka ameniletea yaliyo mtaani, bure kabisa kama kawaida yake. Watu wanauliza ni vijana gani walikuja mlangoni kwa Mama Kipkemboi siku hizo. Mmoja anasema alisikia kelele. Mwingine anasema mama huyo mbona sikio lake la kushoto halisikii tangu mwaka ule. Maneno yamefika Kesses. Watu wa Jerono wameanza kuulizauliza juu ya Kipkemboi, na mjomba wa msichana, Mzee Kipyego, amesema koito ingoje kwanza.

Nilimuuliza Benta, sikio gani? Akanishangaa. Akasema mtaa mzima unajua hasikii upande wa kushoto, kwani mimi nilidhani anageuza shavu kwa nini.

Jumanne, 12 Julai

Sijaandika. Sijalala vizuri. Jioni mama mkwe wa Casilda alipiga kelele juu ya wosia, neno kwa neno. Nilikaa jikoni na mwiko mkononi mpaka ugali ukaungua.

Jumatano, 13 Julai

Mbwa. Bunduki. Byron alikuwa sakafuni anacheza na vifuniko vya chupa, hakushtuka hata.

Alhamisi, 14 Julai

Nilienda.

Sijui nilienda kufanya nini. Nilijiambia naenda kumaliza ugomvi, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kukisikia tena kile kilio nikiwa peke yangu upande wa pili wa ukuta. Nilipiga hodi saa moja kasoro kidogo. Mama Kipkemboi alifungua, akanitazama, akanisogezea kile kiti changu cha zamani chenye kitambaa cha maua. Yeye akakaa kwa chake, upande wa kushoto wa chumba, ili sikio la kulia lielekee televisheni. Nimeingia nyumba hiyo mara ngapi tangu turudi, na sikuwahi kuona kwamba alihamisha kiti.

Kipindi kikaanza. Muziki ule ule. Kumbe ni harusi. Dada yake Casilda anaolewa, watu wanacheza, nguo nyekundu, keki kubwa. Nikangoja kitu kivunjike. Hakikuvunjika. Nikangoja kilio. Casilda alikuwa anacheza na yule Rodolfo, anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Katika sopu nzima, labda ni siku moja tu huyo mwanamke hakulia. Wakacheza mpaka mwisho, majina yakapanda.

Nikasema, "Mama. Casilda hakulia."

Alichukua rimoti akapunguza sauti. Sijamwona akipunguza sauti miaka mitatu.

"Siku hiyo hakulia," akasema.

Akaniambia. Nitaandika alivyoniambia, bila kupamba. Vijana walikuja wakati wa Casilda, na Kipkemboi alikuwa kati yao, miaka kumi na tisa, ametoka shule juzi, amepakwa matope usoni kama wenzake. Walikuwa wameambiwa kuna mtu stoo. Wakataka ufunguo. Mama akasimama mbele ya mlango akasema wapite juu yake. Kiongozi wao akamwambia Kipkemboi, ikiwa kweli hakuna mtu, na wewe ni mwenzetu, mtoe mama yako hapo mlangoni. Kipkemboi akampiga. Mara moja, kwa mkono, upande wa kushoto. Akaangukia kabati la vyombo. Kisha Kipkemboi akawageukia akasema mmeona, mama angekuwa na mtu angeshasema, hapa hakuna mtu, twendeni. Wakatoka mpaka kwenye geti, na yeye akarudi peke yake.

"Kwa hiyo uliyelia ni wewe," nikasema.

"Mimi sikulia. Ningelia ungetoka huko kunisaidia, nakujua wewe. Aliyelia ni Kipkemboi. Alipiga magoti hapo ulipoweka miguu. Nilimziba mdomo na kitambaa wasimsikie."

Nilitoa miguu pale. Sikujua niiweke wapi.

Kwao mtoto akimpiga mama ni jambo zito sana, sio la kuomba msamaha tu ikaisha. Wazee wakijua lazima waitwe, lisemwe mbele ya watu, na hakuna nyumba itakayompa binti kabla ya hapo, na baada ya hapo pia ni wachache. Mama alisema alimsamehe siku ile ile, na lingebaki kati yao wawili na Mungu. Halafu watu wa shirika wakaja kuuliza nani alikuwa mlangoni. Akaona wakimweka yeye kwenye kipindi lazima waweke na aliyempiga. Ndiyo akaenda mjini.

"Ulidhani ni wewe naonea aibu," akasema. Hakuniuliza, alisema tu, na ndipo nilipolia mimi.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema kwa sababu mdomo wangu unaupenda ukweli kuliko unavyowapenda watu. Nilikasirika. Nimerudi nyumbani nikiwa bado nimekasirika, na sijui kwa nani.

Ijumaa, 15 Julai

Kipkemboi alileta maziwa. Akaweka mikebe, akaangalia tanki. Nilimtazama mgongo. Nilitaka kumchukia kama kawaida, kwa vile ni yeye alifanya sikio lile lisisikie, na pia nimehesabiwa hai kwa sababu alisema "twendeni". Vyote viwili ni kweli na haviketi pamoja. Niliandika risiti vibaya, nikaandika nyingine.

Jumapili, 24 Julai

Maneno hayajatulia. Benta anasema Mzee Kipyego atakuja Kapseret mwenyewe kuuliza. Mama Kipkemboi hakuja kanisani.

Jumatano, 27 Julai

Alikuja kwangu.

Sio kwa Mama Kipkemboi, kwangu, ofisini, akisema anatafuta chakula cha ng'ombe ambacho sisi hatuuzi. Mzee mrefu, kofia mkononi, Kiswahili cha taratibu. Nikampa kiti na chai. Akasema hapendi porojo za madukani, ndiyo amekuja kwa mtu aliyekuwa ndani. Jerono ni binti wa marehemu ndugu yake, yeye ndiye atakayemjibu Mungu. Kisha akauliza moja kwa moja ni nani alikuja mlangoni siku zile, na Kipkemboi alikuwa wapi.

Miezi mitatu nimesimama kwenye ukumbi nikipigania ukweli. Nimekosana na Isaiah, nimemwaibisha jirani yangu mbele ya watu wote, yote kwa sababu sitaki hadithi ya uongo. Na sasa mtu amekuja na kofia mkononi kuniomba ukweli kwa heshima. Nilikoroga chai ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka.

"Vijana walikuja," nikasema. "Kipkemboi ndiye aliwaambia hapa hakuna mtu, twendeni. Wakamfuata."

Mzee akafikiri. Nilimwona akilitafuta hilo neno mahali alipolisikia, kisha uso wake ukafunguka.

"Kumbe ndiye yule wa Alhamisi. Yule wa kipindi."

"Ndiye."

"Wajukuu wangu wanampenda sana. Lakini wewe mwenyewe ulisema kanisani ni mama."

"Nilikuwa na hasira, Mzee. Nilikuwa nimekosana naye juu ya mambo mengine. Watu wanasema mengi wakiwa na hasira."

Akaitikia kwa kichwa, hilo analijua. Akanywa chai. Nikadhani imeisha, akauliza, "Na mama mwenyewe, wakati huo wote alikuwa wapi?"

Nilimwona amesimama mbele ya ule mlango. Nilimwona vizuri sana, kama mtu aliyekuwepo.

"Alikuwa anatazama televisheni," nikasema.

Mzee Kipyego akacheka kidogo, akasema wanawake na hizo sopu. Nami nikacheka. Aliporudi kwenye gari niliingia nyuma ya tanki nikapiga teke mkebe mtupu mpaka ukabonyea. Nimewatukana wale watu tangu Aprili kwa kumtoa, halafu mimi, ambaye nilikuwa ndani ya stoo, nimemtoa kwa mdomo wangu mwenyewe, na nimemtoa vizuri kuliko wao.

Alhamisi, 28 Julai

Kipkemboi aliweka mikebe chini. Akaangalia tanki. Kisha akageuka na kunitazama, na kumbe ana macho ya mama yake.

"Chamge, Mama Byron."

"Chamge mising," nikaitikia salamu kwa Kinandi chake hicho hicho.

Nikapima maziwa.

Jumamosi, 13 Agosti

Wamerudi kutoka Kesses. Wamekubaliwa. Nilisikia vigelegele kuanzia barabarani, nikatoka na aproni. Mama Kipkemboi alishuka kwa gari akaja moja kwa moja kwenye ua, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Nilimwambia kwa sikio la kulia kwamba Jumatatu inaanza wiki ya mwisho ya Casilda na ole wake aniambie kabla kama anaolewa au hapana.

Jumatatu, 15 Agosti

Isaiah amenipigia simu. Anaandika ripoti, anataka maoni ya mwisho kutoka kwangu kwa sababu ati mimi ndiye nilikuwa mkali zaidi. Akauliza kama kipindi kimesaidia jamii.

Niliangalia nje. Mahindi ya Mama Kipkemboi yamepona ile mvua ya mawe, yamesimama mabichi, marefu, kama yale yao kabisa.

Nikamwambia kimesaidia. Alifurahi, nikasikia anaandika. Akauliza kimesaidia namna gani, nikamwambia hilo sitasema. Akauliza basi kama kuna chochote wangepaswa kubadilisha.

"Kimoja tu," nikamwambia. "Siku nyingine mkitaka kupiga picha za Januari, mje Januari."